Viti vya Machi

Barua ilifika tarehe tano Machi,
theluji bado imezika magoti ya sanamu mbele ya jengo letu:
idara iagize viti mia mbili na kumi na viwili.
Vipya. Vyeusi. Vya kuzunguka.
Fedha zipo, na zisipotumika kabla ya mwezi kuisha
zitarudi zilikotoka, na mwakani hatupewi tena.

Kila aliyewahi kukalia kiti cha serikali hapa Fredericton
anaijua sheria hiyo isiyoandikwa:
kula hata umeshiba, usije ukaambiwa huna njaa.

Odile Thériault, wa ununuzi, hakutia sahihi.
Alivaa koti, akachukua tochi na funguo,
akashuka hadi chini kabisa, boila inakokohoa.
Mimi wa hesabu nikamfuata,
nione tu atapanda na nini.

Tulivikuta gizani, vimepandiana, miguu juu.
Mia moja arobaini na tisa; tulihesabu mara mbili.
Migongo mizima, vitambaa vizima,
kimoja bado kimevaa sweta ya mtu aliyestaafu.
Kilichokufa ni gurudumu: moja hapa, mawili pale,
kijiplastiki cha ukubwa wa yai la bata.
Kwa gurudumu la dola nne
tulikuwa tukizika kiti cha mia tatu na themanini.

Mali bila daftari, husemwa, hupotea bila habari.
Lakini daftari tulikuwa nalo.
Mimi ndiye niliyeliandika.
"Kimechakaa," niliandika,
"kimechakaa," mara mia moja arobaini na tisa,
bila kushuka ngazi hata siku moja.

Mwakilishi wa kampuni akaja na katalogi,
jani la kijani limechapwa kwenye jalada.
Odile akaweka kidole juu ya jani:
hili nani alilipima?
Spea mnauza?
Kiti kikifa, mnakuja kukichukua?
Yule bwana akacheka vizuri, akamaliza kahawa,
kikombe cha karatasi akakiacha mezani.
Nje gari lake lilikuwa linanguruma lenyewe,
dakika ishirini, lisije likapoa.

Fomu ya zabuni ina visanduku vitatu:
bei, siku ya kufikisha, muhuri.
Cha nne Odile alikichora mwenyewe, kwa rula:
*Na baadaye?*

Mkurugenzi Estabrooks akamwita, mlango wazi, sote tukasikia.
"Unanirudishia fedha, Odile?"
"Nakurudishia viti."

Ovila Cormier, fundi wa jengo, alileta bisibisi na redio.
Siku tisa, kila alasiri.
Nilishika tochi; sikuwa na ujuzi mwingine.
Odile naye alizunguka ghorofa zote na kalamu,
akagundua watu arobaini na wanne wanafanyia kazi nyumbani
na bado tulikuwa tunawanunulia pa kukalia.
Vilivyopungua vilikuwa kumi na tisa.
Tukavipata Miramichi, katika shule iliyofungwa,
na bazoka zilizokauka chini yake, za watoto ambao sasa ni wazee.

Aprili ikaja na wembe wake.
Fungu letu likakatwa, sawasawa na walivyosema wote.
Kwenye lifti wawili watatu waliacha kumsalimu.
Odile aliisoma barua hadi mwisho,
akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe.
Akaanza kuandika hapo orodha ya taa
zinazowaka usiku kucha ghorofa ya nne, kusikolala mtu.

Sijui kama mto huu wetu umepata nafuu yoyote.
Barafu yake ilivunjika wiki ileile, kwa kishindo kilekile.
Ninachojua ni kwamba siku hizi,
kabla ya kuandika "kimechakaa," ninashuka ngazi.
Magoti yanalalamika.

Kiti changu ni kile cha mia na tatu.
Kinalia nikigeukia kushoto.
Nimejifunza kugeukia kulia.